Seremala Aliyepigana na Sekunde: Maisha ya John Harrison

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mpenzi msomaji, kabla sijakuvusha bahari hebu nianze na kisa cha hapa hapa shuleni. Mwaka jana katika muhula wa pili, wenzetu wa chama cha sayansi waliunda saa ya elektroniki kwa mikono yao wenyewe. Walichukua kijiwe cha kwatsi kutoka kwa saa mbovu, wakakiunganisha na vipuri vya redio kuukuu na tarakimu nyekundu za kuwaka. Siku ya kwanza tulishangilia kama tuliofunga bao. Siku ya saba kicheko kikaanza, maana saa ile ilikuwa imebaki nyuma ya mlio wa saa wa redioni kwa sekunde 28. Kuna aliyesema itupwe jaani.

Mwalimu wetu wa fizikia hakucheka. Aliuliza swali moja tu: je, saa hii huchelewa sekunde 4 kila siku, au leo 1 na kesho 7? Tukatazamana. Hakuna aliyejua. Basi akatutuma maktabani tukasome habari za seremala mmoja wa kijijini ambaye alitumia maisha yake yote kulijibu swali la aina hiyo. Seremala na saa wapi na wapi? Nilikwenda nikiwa na shaka, nikarudi na makala haya.

UTOTO WAKE

John Harrison alizaliwa tarehe 24 Machi 1693, kwa kalenda iliyotumika Uingereza wakati huo, katika kijiji cha Foulby huko Yorkshire. Baba yake alikuwa seremala. John angali mtoto, familia ilihamia kijiji cha Barrow, karibu na mto mpana wa Humber, katika jimbo la Lincolnshire. Huko ndiko alikokulia na kujifunza kushika randa, msumeno na patasi. Husimuliwa kwamba alipougua ndui akiwa na miaka 6, aliwekewa saa ya mfukoni juu ya mto ili imliwaze, naye akawa anashinda akiisikiliza ikigonga.

Hakupata elimu ya juu. Hata hivyo, kasisi mmoja aliyefika kijijini alimwazima nakala ya mihadhara ya Nicholas Saunderson, yule mwalimu kipofu aliyefundisha hesabu katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Harrison aliinakili yote kwa mkono, maneno na michoro, kisha akaendelea kuiandikia maelezo yake mwenyewe pembeni. Sisi tunaonung'unika mwalimu akijaza ubao mmoja, hapo tuna la kujifunza! Lakini kalamu haikuwa rafiki yake. Mpaka uzeeni aliandika sentensi ndefu zilizopindapinda hadi msomaji anapotea njiani. Likumbuke jambo hilo, kwani lilimgharimu baadaye.

SAA ZA MBAO

Mwaka wa 1713, akiwa na umri wa miaka 20, alimaliza kuunda saa yake ya kwanza. Karibu kila kitu ndani yake kilikuwa cha mbao. Magurudumu yake yenye meno yalichongwa kwa mti wa mwaloni. Seremala hana madini, ana mbao. Basi kwa mbao alifanya kazi.

Mnamo mwaka wa 1720 hivi, tajiri mmoja, Sir Charles Pelham, alimtaka amtengenezee saa ya mnarani katika makao yake ya Brocklesby Park. Hapo ndipo akili ya Harrison ilipoanza kuonekana. Saa za siku hizo zilitiwa mafuta ili vyuma visisagane. Lakini mafuta yenyewe yalikuwa mabaya. Baridi ikija yanakuwa mazito, joto likija yanakuwa mepesi, na yakikaa sana yanaganda kama gundi. Mafundi wengine wakatafuta mafuta bora. Harrison akaunda saa isiyohitaji mafuta kabisa! Sehemu zinazosuguana alizichonga kwa mti mgumu wa visiwa vya Karibi uitwao lignum vitae, ambao una mafuta yake ya asili ndani. Saa hiyo imedumu hadi zama zetu.

Adui wa pili alikuwa joto. Saa kubwa za ukutani zinaongozwa na pendulamu, yaani ule ufito wenye uzito unaobembea kushoto na kulia. Ufito ukiwa mrefu, mbembeo ni wa polepole. Ukiwa mfupi, mbembeo ni wa haraka. Sasa, chuma hutanuka kikipata joto. Kwa hiyo wakati wa kiangazi pendulamu hurefuka na saa huchelewa, na wakati wa baridi hufupika na saa hukimbia. Harrison alijua kwamba shaba ya manjano hutanuka kuliko chuma cha pua. Alipanga fito za madini hayo mawili sambamba, moja ikisukuma uzito chini na nyingine ikiuvuta juu, kwa vipimo ambavyo mwishowe urefu haubadiliki. Ama kweli dawa ya moto ni moto. Alibuni pia kifaa cha kuachia meno ya gurudumu moja baada ya jingine bila msuguano mwingi, na kwa jinsi miguu yake ilivyorukaruka, watu walikiita panzi.

Kati ya 1725 na 1727, John na mdogo wake James waliunda saa za namna hiyo ambazo, inaelezwa, hazikukosea zaidi ya sekunde 1 kwa mwezi. Saa nyingi za mfukoni za wakati huo zilikosea dakika nzima kwa siku! Utauliza, mtu wa kijijini alijuaje kuwa saa yake imekosea sekunde moja? Hakukuwa na redio wala simu. Harrison aliuliza nyota. Alisimama usiku mahali pale pale, akitazama kwa ukingo wa dirisha lake na dohani la nyumba ya jirani. Nyota fulani ilipofichwa na dohani, alihesabu sekunde. Usiku wa pili nyota ile ile lazima ifichwe dakika 3 na sekunde 56 mapema zaidi, kwa sababu ndivyo dunia inavyozunguka. Tofauti yoyote juu ya hiyo ni kosa la saa. Kwa hiyo alimpata hakimu asiyepokea hongo.

TATIZO LA BAHARINI

Wakati Harrison akichonga magurudumu yake kijijini, mabaharia walikuwa wakifa kwa kutojua walipo. Tarehe 22 Oktoba 1707, manowari 4 za Uingereza chini ya Admirali Cloudesley Shovell ziligonga miamba ya visiwa vya Scilly usiku. Zaidi ya watu 1,400 walizama, yeye akiwemo.

Nahodha yeyote mzuri aliweza kujua yuko umbali gani kaskazini au kusini, kwa kupima kimo cha jua au cha nyota. Hata manahodha wa bahari yetu ya Hindi walikuwa na ujuzi huo tangu kale. Kazi ilikuwa mashariki na magharibi, yaani longitudo. Dunia hujizungusha digrii 360 kwa saa 24, ndiyo kusema digrii 15 kila saa, au digrii 1 kila dakika 4. Chukua mfano wa Mombasa, iliyo karibu digrii 40 mashariki ya Greenwich. Jua likiwa utosini Mombasa, saa sita kamili ya jua, kule Greenwich ni saa tatu na dakika 20 asubuhi hivi. Basi baharia akiwa na saa inayomwambia ni saa ngapi nyumbani, na akitazama jua lake mwenyewe la adhuhuri, tofauti ya nyakati hizo mbili inampa longitudo yake. Hesabu ya darasa la sita!

Tatizo ni saa yenyewe. Hapa kwetu kwenye ikweta, digrii 1 ni kama kilomita 111. Kosa la dakika 1 ni kilomita 28 hivi. Na saa gani ingeweza kwenda sawasawa katika meli inayoyumba, inayotoka baridi ya Ulaya hadi joto la Karibi, huku maji ya chumvi yakirushwa huku na huku? Pendulamu haifai hata kidogo, maana meli yenyewe inabembea. Mwanasayansi mkuu wa enzi hiyo, Isaac Newton, aliona vigumu mno kupatikana kwa saa ya namna hiyo.

Mwaka wa 1714 Bunge la Uingereza lilitangaza zawadi. Atakayepata njia ya kujua longitudo kwa kosa lisilozidi nusu digrii baada ya safari ya hadi Karibi angepewa pauni 20,000, fedha ambazo zilikuwa utajiri mkubwa. Nusu digrii ni dakika 2 za saa. Kwa safari ya wiki 6, ina maana saa isikosee zaidi ya sekunde 3 kwa siku. Halmashauri ya Longitudo ikaundwa kuamua. Wanajimu walitaka jibu litoke kwa mwezi na nyota. Seremala wetu aliona kwamba sekunde 3 kwa siku ni nyingi. Yeye alikuwa na saa ya sekunde 1 kwa mwezi. Ilibaki tu kuipeleka majini.

MIAKA THELATHINI YA KAZI

Mwaka wa 1730 Harrison alisafiri hadi London na michoro yake. Alimwona Edmond Halley, mwanafalaki mkuu wa mfalme, yule ambaye nyota maarufu yenye mkia huitwa kwa jina lake. Halley alikiri kuwa hakuzijua saa kwa undani, akamtuma kwa George Graham, fundi saa mkuu wa London. Harrison aliogopa kuibiwa siri zake. Mwanzo mazungumzo yalikuwa makali, lakini walizungumza mchana kutwa hadi jioni, na walipoagana Graham alikuwa amemkopesha fedha bila riba. Mara nyingine msaada hutoka kwa yule uliyedhani ni mshindani.

Saa ya kwanza ya baharini ilikamilika mwaka wa 1735. Ilikuwa na uzito wa kilo 34! Badala ya pendulamu ilikuwa na mizani miwili iliyounganishwa, ikibembea kinyume, ili meli ikiyumba upande mmoja, kosa la huu lifutwe na lile la mwenzake. Mwaka wa 1736 ilipelekwa hadi Lisbon, Ureno. Wakati wa kurudi, nchi kavu ilipoonekana, mabaharia walidai ni ncha iitwayo Start. Harrison, ambaye safari ilikuwa imempa kichefuchefu, alisema la, hii ni ncha ya Lizard, maili 60 magharibi zaidi. Kumbe ndiye aliyekuwa na haki. Nahodha alimwandikia cheti cha kumsifu.

Hapo angeweza kudai safari ya Karibi. Ajabu ni kwamba mtu wa kwanza kuikosoa saa ile mbele ya Halmashauri alikuwa Harrison mwenyewe. Aliomba fedha kidogo aunde nyingine bora. Ya pili ilipokamilika mwaka wa 1739, aligundua kuwa meli ikigeuka kwa kasi mizani yake husumbuka. Basi hakuiruhusu hata kugusa bahari. Akaanza ya tatu, na hiyo ilimla miaka 19. Tuelewane vizuri, msomaji: miaka 19 ni umri wako na zaidi.

Hata hivyo miaka hiyo haikupotea bure. Ndani ya saa ya tatu alibuni kipande cha shaba na chuma kilichounganishwa mgongo kwa mgongo, ambacho hupinda joto linapobadilika na hivyo kuirekebisha saa. Ndugu wa kipande hicho yumo ndani ya pasi ya umeme, akizima moto kabla nguo haijaungua. Alibuni pia beringi za vigurudumu vidogo vilivyotengwa ndani ya kizimba, babu wa beringi za magari ya leo. Mwaka wa 1749 Chama cha Kifalme cha wanasayansi kilimtunukia nishani ya Copley, heshima kubwa kwa mtu ambaye hakukanyaga chuo.

SAA NDOGO YASHINDA KUBWA

Kisha jambo likatokea. Mwaka wa 1753, fundi aitwaye John Jefferys alimtengenezea Harrison saa ya mfukoni ya kutumia mwenyewe, kwa mpango wa Harrison. Ilienda vizuri kupita matarajio. Mzee akafumbuka macho. Kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa akijenga mashine kubwa, kumbe kitu kidogo kinachobembea kwa kasi hakisumbuliwi sana na mawimbi! Mtu mwingine angeona haya kukiri. Yeye aliacha njia ya zamani akiwa na miaka 60 na ushei, akaanza upya.

Mwaka wa 1759 saa ya nne ilikamilika. Upana wake ni sentimita 13 tu na uzito kama kilo moja na nusu. Iligonga mara 5 kwa sekunde. Ndani yake alitumia vipande vya almasi na yakuti mahali penye msuguano. Ilikuwa ni saa ya kushikwa mkononi, lakini ndani yake mlikuwa na jasho la miaka 30.

Harrison alikuwa mzee, hivyo mwanawe William ndiye aliyesafiri. Aliondoka Novemba 1761 kwa meli ya Deptford kuelekea Jamaica. Njiani nahodha alibishana naye juu ya mahali walipo. William akasema kesho tutaona kisiwa karibu na Madeira, nahodha hakuamini. Asubuhi kisiwa kile hapo! Walipofika Jamaica Januari 1762, saa ilihesabiwa kuwa imekosea kama sekunde 5 tu kwa safari nzima.

Ungedhani hapo ngoma imekwisha. Wapi! Halmashauri ilisema huenda ni bahati. Ilisema longitudo ya Jamaica yenyewe haijapimwa barabara. Na ikaleta hoja ya tatu, ambayo nataka uishike sana. Sekunde 5 zile zilipatikana baada ya kutoa hesabu ya mwendo wa saa, yaani kiasi ambacho saa hiyo huchelewa kila siku kwa kawaida yake, sekunde 2 na theluthi mbili. Kiasi hicho hakikuwa kimetangazwa kabla ya safari. Na mtu akitaja kawaida ya saa yake baada ya kufika, nani atajua kuwa hakuitunga ili hesabu ikubali? Hoja hiyo, tusidanganyane, ilikuwa ya haki.

Basi Machi 1764 William alisafiri tena, mara hii kwa meli ya Tartar hadi Barbados. Safari hii mwendo wa saa ulitangazwa mbele: itakimbia sekunde 1 kwa siku. Baada ya siku 47 kosa lilikuwa sekunde 39 hivi. Kwenye ikweta hizo ni kama kilomita 18. Ilikuwa bora mara 3 kuliko kilichodaiwa na Bunge.

UGOMVI NA WAKUBWA

Mtu aliyetangulia Barbados kupima longitudo ya kisiwa alikuwa Nevil Maskelyne, mwanafalaki aliyeamini njia ya mwezi. Mwaka wa 1765 huyo huyo akawa mwanafalaki mkuu, na kwa cheo hicho akaketi katika Halmashauri. Fikiria umecheza fainali, halafu refa ni kocha wa timu pinzani.

Halmashauri iliamua kuwa Harrison atapata nusu ya zawadi kwa sharti la kueleza siri zote, na nusu nyingine baada ya saa nyingine kama hiyo kuundwa. Agosti 1765, nyumbani kwake Red Lion Square, London, mzee wa miaka 72 aliifungua saa yake kipande kwa kipande mbele ya kamati. Alikamilishiwa pauni 10,000. Mwaka uliofuata Maskelyne mwenyewe alikuja na hati ya kuchukua mashine zote. Wakati wa kuzibeba, saa ya kwanza, ile ya 1735, ilianguka. Halafu saa ya nne ikajaribiwa Greenwich kwa miezi 10, na Maskelyne akatoa taarifa kwamba haiwezi kutegemewa.

Mgala muue na haki yake mpe. Maskelyne hakuwa mwovu. Vitabu vyake vya hesabu za mwezi, vilivyoanza kuchapishwa mwaka wa 1766, viliwasaidia mabaharia wengi wasioweza kununua saa. Halmashauri nayo ilikuwa na hoja: saa moja iliyoundwa na mtu mmoja haiwezi kuokoa meli elfu. Ni lazima fundi mwingine aweze kuiunda. Hapo ndipo kalamu ya Harrison ilipomwangusha. Angeweza kueleza kwa maandishi yaliyonyooka, labda ugomvi ungepungua. Badala yake alikasirika na kuandika kwa ghadhabu. Lakini kumdai mzee wa miaka zaidi ya 70, macho yameanza kufifia, aunde saa nyingine mbili, hilo nalo lilikuwa kumsukuma mtu ukutani.

Fundi Larcum Kendall alipewa kazi ya kunakili saa ya nne, akaimaliza mwaka wa 1769. Kapteni James Cook aliibeba nakala hiyo katika safari yake ya pili, kuanzia 1772 hadi 1775, kutoka barafu ya kusini hadi joto la Pasifiki. Cook hakuwa mtu wa kusifu ovyo, lakini aliporudi aliisifu bila kificho.

Wakati huo Harrison na William walikuwa wameunda saa ya tano. Mwaka wa 1772 walimwomba msaada Mfalme George wa Tatu, mpenda sayansi. Mfalme aliamua kuijaribu katika kituo chake cha kutazama nyota. Siku za kwanza saa ilienda kama mlevi! Ndipo ikakumbukwa kuwa karibu nayo kulikuwa na kabati lenye mawe ya sumaku. Yalipoondolewa, saa ilitulia, na kwa wiki 10 kosa lake halikufikia theluthi ya sekunde kwa siku. Mfalme akachukua upande wa mzee. Mwaka wa 1773 Bunge lilimpa pauni 8,750. Alikuwa na miaka 80. Zawadi yenyewe rasmi hakuna mtu yeyote aliyewahi kupewa, lakini malipo yake yote ya miaka mingi, yakijumlishwa, yalizidi pauni 20,000.

John Harrison alifariki tarehe 24 Machi 1776, tarehe ile ile ya kuzaliwa kwake, akiwa na miaka 83. Alizikwa Hampstead, London.

BAADA YAKE

Mafundi wengine walirahisisha kazi yake, bei ikashuka, na saa za baharini zikaenea. Hata historia yetu ziliigusa. Kapteni William Owen, tunayemsoma kwa habari za Mombasa mwaka wa 1824, alikuwa na kazi ya kuchora ramani ya pwani ya Afrika Mashariki, na saa za aina hiyo ndizo zilizomwonyesha longitudo.

Saa za Harrison zenyewe zilisahauliwa zikapata kutu, hadi Rupert Gould, afisa wa majini, alipozikuta mwaka wa 1920 na kuanza kuzisafisha kwa miaka mingi. Leo zinaonyeshwa Greenwich. Na kuna jambo la mwisho tamu. Uzeeni Harrison alidai kuwa saa ya pendulamu ya mpango wake ingeweza kwenda siku 100 kwa kosa la sekunde 1. Walimcheka, wakasema mzee amechanganyikiwa. Mwaka wa 2015 saa iliyoundwa kwa mpango wake, ikiwa imefungwa kwa lakiri huko Greenwich, ilienda siku 100 na kukosea chini ya sekunde 1. Haki yake ilichelewa miaka 239 tangu kufa kwake, lakini ilifika.

TURUDI NYUMBANI

Sasa rudi nami kwenye saa yetu ya elektroniki. Kijiwe cha kwatsi ndani yake hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde, nao mtambo hugawa hesabu hiyo kwa mbili, mara 15, mpaka upatikane mdundo 1 kwa sekunde. Ni pendulamu tu, ila ndogo na ya haraka sana, vile vile mzee alivyogundua mwaka wa 1753. Na maadui zake ni wale wale. Joto likipanda au likishuka kupita wastani, kijiwe huchelewa.

Tulifanya kama Harrison. Kila jioni tuliilinganisha saa na redio na kuandika daftarini. Ilipokuwa ukutani, mahali jua la alasiri linapopiga, kosa lilibadilikabadilika. Tulipoihamishia ndani ya kabati la maabara, ikachelewa sekunde 4 kila siku, bila kuongeza wala kupunguza. Kumbe hatukuwa na saa mbovu. Tulikuwa na saa nzuri ambayo hatukuijua! Baharia akiwa na saa kama hiyo kwa siku 40 na asijue kawaida yake, atakosea sekunde 160, yaani kilomita 74 hivi, na miamba itamsubiri. Akiijua kawaida yake, ataongeza sekunde 4 kila siku na kufika salama. Tulizungusha ile kapasita ndogo ya kurekebisha, kidogo kidogo kwa wiki mbili, na sasa kosa halifiki sekunde 1 kwa siku.

Wenzangu, mimi nimejifunza hivi. Hakuna saa isiyokosea, wala hakuna mwanafunzi asiyekosea. Tofauti iko kwa yule anayeliandika kosa lake, akalitafutia sababu, akalikiri kabla hajaulizwa. Harrison aliyakosoa makosa yake mbele ya waliokuwa na mamlaka ya kumnyima fedha, na bado akashinda. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Ukipita maabara, chungulia kabatini. Saa yetu iko pale, na daftari lake liko kando yake.